Kitone cha Kijani kwa Geti ya Mama Akoth

Baba Joan,

~~Jipikie.~~ Githeri iko kwa sufuria ya bluu na chai iko kwa thermos, lakini usidhani nimekusamehe.

Hiyo tochi yako ya leza nimeifungia kwa kabati, pamoja na chaja, betri, miwani yake na vile vifuniko vya kutupa nyota za mwanga ukutani. Ufunguo usitafute, nimeenda nao.

Ulisema umeinunua ya kufukuza ndege kwa shamba letu la ngano kule Ndabibi. Sasa leo asubuhi, giza bado, ulikuwa unafukuza ndege gani kwa geti ya jirani? Eti unajaribu uone itafika wapi. Ilifika. Mama Akoth aliona kitone cha kijani kikipanda geti, kikaingia mlangoni, kikasimama kwa pazia ya watoto. Akajua nyumba yake inawekwa alama tena, kama wakati wa ile fujo ya Januari, baada ya kura. Akatoka mbio na watoto na begi, na wewe hapo dirishani unacheka: "Jirani, ni mimi tu."

Ni wewe tu. Hata walioiweka alama Januari walikuwa majirani tu.

Hilo begi halikupangwa leo. Limekaa tayari nyuma ya mlango miezi hii yote, na sisi tunaombana chumvi naye kila siku.

Narudi kwake sasa. Ukitoka kazini uje kabla ya giza, upige hodi na utaje jina lako. Nguo za watoto amekubali tutoe kwa begi. Zake amekataa.

Mama Joan