Mbwa Aliyekataa Nyama Yangu

Jumamosi, jioni. Mvua imekata, Kasokola yote inanukia udongo, na mimi nimekaa kibarazani kimya mpaka mke wangu amenishika paji la uso akidhani ni malaria.

Si malaria. Nimeona kitu.

Nyie mnaonisoma mnanijua. Nimepiga utingo wa malori mpaka Tunduma, nimekula na Wakongo, nimecheka na askari wa mipakani. Shule niliiacha njiani, ilikuwa inanichelewesha. Sasa nina bajaji yangu hapa Mpanda. Kushangaa si kazi yangu.

Mbwa wangu nimemlea kwa siasa hiyo hiyo. Anaitwa Watachoka, jina la kuwasalimia majirani. Anapokea kwa kila mtu: mfupa, kiporo, andazi. Kijiweni nilikuwa natamba, "Mbwa wangu ni mtu wa watu!"

Halafu juzi mbwa wa jirani akatupiwa nyama na mtu asiyejulikana. Asubuhi kakutwa amekauka, na zizi la mbuzi tupu.

Tangu hapo nikimwona Watachoka anatafuna, moyo unaruka.

Leo nimempeleka Mama Shija na magunia yake ya pumba mpaka kwake Magamba. Ni mama wa Kisukuma, ana ng'ombe wengi na maneno machache. Mbwa wake, mwekundu, mbavu nje, alikuwa amelala mlangoni mwa zizi. Mimi na huruma zangu nikachomoa mshikaki niliokuwa nakula, nikamtupia pande moja miguuni.

Hakula.

Mate yalimchuruzika. Alitetemeka. Akaiangalia nyama, akaniangalia mimi, akageuza shingo kama mlokole anayepita kilabuni.

"Mama, huyu anaumwa?"

"Wewe baba, ukikaribishwa pombe, mwenye nyumba hajaonja, utakunywa?"

"Nife? Sinywi!"

"Basi na yeye hivyo hivyo. Nyama ya nisiyemjua siionji, naizika. Wewe nakujua."

Akaiokota ile nyama, akaipangusa kwenye kitenge, akang'ata kidogo, akameza. Ndipo akampa. Ikapotea kabla sijafunga mdomo.

Nimezunguka mimi, lakini heshima ya namna ile sijaiona hata kanisani. Njia nzima ya kurudi sikupiga honi.

Nimefika nyumbani, nikamega ugali, nikaonja, nikampa Watachoka. Nikamega tena, nikaonja tena. Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Neema, leo mnakula sahani moja? Nihame niwaachie nyumba?"

Watachoka alikuwa ameacha kuangalia mkono wangu. Alikuwa anaangalia mdomo, anasubiri nimeze.

Mdomo huu! Unaowaambia abiria "tunaondoka sasa hivi" wakati bajaji ina mtu mmoja. Mpanda nzima hakuna anayeuamini, hata mama yangu mzazi anauliza mara ya pili.

Na kiumbe kile kimekaa chini, masikio wima, kinauamini.

Kesho nitapita kwa majirani, nyumba kwa nyumba: jamani, msimpe mbwa wangu kitu tena, chenu nipeni mimi. Watanicheka. Wacheke.

Ila siku Watachoka akija kuweka roho yake yote kwenye meno yangu haya, asile ila nilichoonja mimi, je, mimi nitatosha?