Propela ya Rangi ya Harusi

Jumatatu, 2 Juni
Chai, chapati, kisha nikamsindikiza mume wangu mpaka getini. Mume wangu! Wiki ya tatu ya ndoa na bado nafurahi kuliandika. Deo na ovaroli yake ya bluu kapendeza kuliko na ile suti.

Gari bado liko juu ya mawe uani. Frenki, mdogo wake Deo, kapita akicheka. "Shem, leo hatusukumi?" Hataacha. Siku ya harusi Deo alikanyaga mafuta nje ya ukumbi ili matairi yatoe moshi, watu wapige vigelegele. Pu! Propela ikakatika, lile bomba refu chini ya gari linalopeleka nguvu ya injini kwenye matairi ya nyuma. Nikasukuma gari na shela langu kichwani. Baba akaona yote.

Jumanne, 3 Juni
Jumapili kuna mashindano ya magari, kiwanja cha huko mbele ya Mbezi Luis. Deo kajiandikisha. Baba kapiga simu: propela ikikatika tena, gari liuzwe. "Binti yangu sikumwozesha awe brekidauni." Deo kajibu, "Sawa, baba." Na Deo akiahidi, kaahidi.

Ndilo gari alilokuwa akinijia nalo Temeke kila Jumamosi. Sitaki liuzwe. Nimelia kidogo, jikoni.

Jumatano, 4 Juni
Manzese kutwa, kutafuta propela. Deo kaomba ruhusa kazini. Nimeenda naye, nyumbani nifanye nini peke yangu?

Propela ya kwanza ni sawasawa na iliyokatika. Nyembamba. Deo kaigonga kwa kidole, kairudisha. Injini yetu sasa ina turbo ya kuiongezea nguvu, hiyo itakatika tu.

Ya pili kaileta Frenki kutoka Kurasini. Ya lori, nene kama paja, imebebwa na watu wawili. "Hii haikatiki mpaka kiama!" Fundi Kassimu, mwenye mashine ya kukereza, hata hakuigusa. "Na gari haliondoki mpaka kiama. Injini itachoka kuizungusha tu hiyo."

Ya tatu ni ya pikapu. Bomba pana lakini jepesi, viungo vya kwenye ncha vikubwa. Ndefu mno, lakini inakatwa. Deo kanitazama. Kaniuliza mie! Nikasema hiyo hiyo. "Mke wangu kasema." Niliyeyuka.

Alhamisi, 5 Juni
Fundi Kassimu kaikata, kaichomelea, kaizungusha mashineni mpaka ikatulia. Ni vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine kwa meno. Kavitia alama za chaki pale vinapokutana. Nimepiga picha nimeikumbatia, nikaiweka status. Watu wamecheka. Shauri yao.

Ijumaa, 6 Juni
Deo kazini. Propela imejaa kutu, na mie nina kopo la rangi ya pichi lililobaki kwenye mapambo ya harusi. Sare zetu si zilikuwa pichi? Nikavichomoa vipande, nikavisugua, nikapaka kote, nikavirudishia. Nzuri hiyo! Deo kanibusu palepale uani, mama mwenye nyumba akiangalia. Jioni kaifunga.

Jumamosi, 7 Juni
Vibaya. Gari likishika kasi linatetemeka lote. Viti, vioo, meno yangu. Frenki: "Si nilisema ya lori!" Deo anadhani tumechagua vibaya. Niliyechagua ni mie.

Fundi Kassimu kaja, kalala chini ya gari, katoka. "Alama zangu ziko wapi?"

Moyo paa! "Nimezipaka rangi."

Wote wakanitazama. Kumbe vipande visiporudi vile vile alivyovipanga, propela haitulii. Na meno ya kuingizia ni mengi. Nani ajue lipi?

Nikakumbuka picha yangu. Nikaikuza kwenye simu. Mie nimetoa meno yote nje, na chini ya kidevu changu mistari miwili ya chaki imeelekeana, mmoja kwenye kovu la kuchomelea, mwingine pembeni ya tundu la grisi. Wazi kabisa! Fundi kacheka mpaka kakaa chini. "Bi harusi, endelea kujipiga picha."

Wakaipanga upya. Gari limetulia kama maji mtungini. Nilipiga vigelegele barabara nzima.

Jumapili, 8 Juni
TUMESHINDA! Mume wangu! Mbio tatu, hakuna aliyemkamata. Kila akiondoka nilifumba macho nikingoja ile pu. Haikuja. Sauti sina.

Baba alikuja na suti ya kanisani. Mbio zilipoisha akapiga magoti mchangani, akachungulia chini ya gari. Muda mrefu.

"Hii pichi?"

"Sare, mzee," Frenki akasema.

Baba akacheka mpaka akajifuta machozi. Akampa Deo mkono, wa kwanza tangu harusi. "Liuzwe, nani kasema?" Nampenda baba. Nampenda Deo. Hata Frenki leo nampenda.

Jumatatu, 9 Juni
Chai, chapati. Baba kapiga simu, anataka Jumapili tumpitie na mama kwenda kanisani, na gari hilo hilo.

Deo kaondoka nalo leo. Nikasimama getini nikasikiliza mpaka alipokata kona. Kwenye kucha zangu bado kuna pichi. Sijaisugua.