Adui Mwenye Adabu

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Magodoro yametandikwa tena uani kwangu. Vumbi lote la kiangazi limehamia humo, na vijana wanaliangukia tu. Mimi nashona sare za shule dirishani, nawatazama. Papa Kasongo, mwalimu wao kutoka Bukavu, kaja kuchukua orodha ya wiki. Ana vijana watano wa kachi, ile mieleka ya maonyesho, na kila Jumatatu lazima wapangwe nani wa kwanza, nani wa mkia. Yeye hataki kuwapanga. Anasema baba hapangi watoto. Wakipiga kura wenyewe, kila mmoja anajiweka juu. Basi kazi ikaniangukia mimi, fundi nguo wa Biryogo, hapa Kigali. Kipimo changu ni kimoja: mchezo ukiwa mzuri, nasimamisha cherehani.

Leo Innocent wa kwanza. Anabeba mizigo uwanja wa ndege, Kanombe. Ana mabega, ana meno, na anavijua vyote viwili. Silasi wa pili. Anauza nyanya Kicukiro na hakuna anayeanguka vizuri kama yeye. Wale wawili wengine wako palepale katikati.

Wa mkia Haruna, mdogo wangu.

Jumatano, 5 Agosti

Haruna kanuna. Kasema hali chakula. Halafu kala sahani mbili.

Nimemwambia ukweli. Kachi ina mtu mwema na ina adui, na watu wanakuja kumchukia adui. Yeye kapewa uadui kwa sababu ya kimo na zile nyusi nene. Lakini akimtupa mtu chini anamwambia pole. Kwa sauti, kila mtu anasikia. Leo Silasi kapata pole mbili kwa pigo moja.

Nimemlea mwenyewe tangu mama alipofariki. Salamu, shukrani, kumpisha mkubwa, yote nilimtia mimi. Sasa adabu yangu ndiyo inamweka mkiani. Nimecheka, na nimeudhika.

Ijumaa, 7 Agosti

Habari kubwa. Mkubwa wa kundi moja la kachi la Bukavu anakuja Jumapili ya wiki ijayo kuchukua kijana mmoja. Kundi la kweli, lenye ulingo wa kamba, si magodoro. Hatawajaribu wote. Atamchukua atakayekuwa wa kwanza kwenye orodha yangu. Papa Kasongo kanieleza hayo huku anakula andazi langu, kama vile ni jambo dogo.

Innocent ameshaanza kuwaaga watu Kanombe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo kachana nywele katikati ya pambano.

Onyesho letu la Jumapili hii lilikuwa lifanyike uwanjani, Nyamirambo. Uwanja umechukuliwa na mkutano wa chama. Sasa tunaenda Gisimenti, ua wa baa. Nimemalizia joho jekundu la Haruna. Limempendeza hata kama ni wa mkia.

Jumapili, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mimi na ushungi wangu katikati ya chupa za bia. Mungu anajua nilifuata nini. Watu walijaa, lakini watu wa Kigali hawapigi kelele ovyo. Walikaa mikono kifuani kama wanasikiliza hotuba za posa. Mapambano mawili ya kwanza hata kikohozi hakikusikika. Papa Kasongo alikuwa anatokwa na jasho kuliko wachezaji.

Pambano la tatu, Innocent mtu mwema, Haruna adui. Mama yake Innocent kaketi mstari wa mbele, kitenge kipya, mwavuli wa jua mapajani. Haruna anamshika Innocent shingo, anamnyanyua. Mara anamwona yule mama. Akamshusha mwanawe polepole, akamwekea mguu mgongoni asiinuke, akainama, akampa mama mikono miwili.

"Mama, amakuru? Nyumbani iko salama?"

Mama akajibu kwa Kinyarwanda, ni meza, yaani ni nzuri, kwa mazoea. Akamuuliza na yeye habari za kwao. Haruna akamjibu vizuri, akashukuru.

"Naomba ruhusa, mama. Napiga huyu mutoto yako kidogo tu."

Akarudi akamtupa Innocent kwa kishindo ambacho sijawahi kukisikia uani kwangu.  Mama akainuka na mwavuli wake, akaingia kwenye magodoro, akampiga Haruna kichwani, begani, kila alipopafikia. Gisimenti nzima ikasimama juu ya viti. Watu wazima, wenye tai, wanapiga mayowe. Haruna anakimbia, na kila pigo anaomba msamaha.

Njiani nimemuuliza alipanga lini mchezo ule. Hakupanga. Eti angewezaje kumpiga mtu mbele ya mama yake bila kwanza kumsalimia.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimemwandika Haruna wa pili. Innocent wa kwanza.

Papa Kasongo kaisoma karatasi, kanitazama. "Mwamini, jana cherehani ilisimama ao hapana?" Nimemjibu kwamba Gisimenti hapakuwa na cherehani. Kacheka, kaondoka.

Sijisikii vizuri. Nimevunja sindano mbili leo.

Alhamisi, 13 Agosti

Sasa Haruna anafanya makusudi, na makusudi yanampendeza. Kabla ya kumpiga mtu anauliza habari za mke, za watoto, za mgonjwa. Silasi kaanguka kabla ya kuguswa, kwa kucheka. Sare tatu hazijashonwa. Mwenye sare kaja kugomba, kavuta kigoda, katazama mpaka magharibi.

Ni wa kwanza. Kipofu angeona. Na mimi simtaki wa kwanza, namtaka hapa, anashona vifungo, anaimba vibaya, anamaliza sukari. Nimeandika hivyo ili angalau nisijidanganye mwenyewe.

Jumamosi, 15 Agosti

Kesho mgeni wa Bukavu anakuja. Haruna hakuniomba kitu wiki nzima. Nilitaka aniombe, nipate sababu ya kumkatalia. Leo, tunakunja nguo, kasema bila kuniangalia:

"Dada, usiniweke juu kwa sababu mimi ni mdogo wako. Wala usiniweke chini kwa sababu hiyo."

Kisha kaendelea kukunja. Kumbe anajua. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na hapa hata si mwana anayelia, ni mimi.

Jumapili, 16 Agosti

Haruna wa kwanza. Innocent wa pili. Silasi wa tatu.

Nimempa mgeni karatasi kwa mkono wangu. Kaniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika.

Innocent hakunisalimia. Mama yake alinisalimia, tena kamletea Haruna kuku wa kula njiani.

Jumatano, 19 Agosti

Basi la Cyangugu, kwenye mpaka wa kuingilia Bukavu, liliondoka na Haruna jana asubuhi. Pale kituoni alinipa mikono miwili. Nikamvuta, nikamkumbatia mbele ya abiria wote. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nalia tu.

Leo Papa Kasongo katuma mtu aombe orodha mpya. Imenichukua asubuhi nzima, na hakuna kazi nyepesi kama hiyo: kila mtu kapanda nafasi moja. Innocent kaja mwenyewe kushukuru, wa katikati wakaja pia, wamefurahi kweli. Nimewaacha wafurahi. Wameangushana, wameinuka, mazoezi yameendelea.

Nyumbani humu orodha ni fupi. Mimi wa kwanza, mimi wa mkia. Chai ya jioni imekuwa tamu mno, nilitia sukari ya watu wawili. Nimeinywa yote.