Kesi ya Athumani haina mahakama

Kuze, Jumanne, 1967

Karatasi zote za kesi ya mume wangu Athumani wakili amenirudishia. Mtambo wa atomiki uliharibika ng'ambo, karibu na bandari ambako meli aliyofanyia kazi ilikuwa ikipakia, na miale yake ya sumu ikampata huko.

"Bi Mwanaisha, mahakama ya hapa haina mamlaka," alisema wakili. "Sheria yataka mwende kushitaki kule kule, na Athumani mwenyewe asimame mbele ya jaji."

Asimame vipi? Hata msikitini hafiki tena.

Nilipoingia nyumbani Athumani aliniuliza, "Amesemaje?"

"Angali anazisoma," nikamwambia.

Uso ukamchangamka. Akaniomba nimpigie pasi kanzu nyeupe, asije akaitwa kortini ghafla. Nimeipiga pasi huku nikilia, kisha nimeitundika mahali anapoiona akiwa kitandani.