Kamba Fupi Bwawani

Uru, Jumatano

Kaka Valerian,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tarakea, wewe na shemeji Violet na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu baridi ianze kimekuachia. Sisi huku Uru hatujambo. Mama anakula vizuri, anagombana vizuri, na kila siku anauliza kwa nini mtoto wake wa kwanza haji kumwona ilhali Tarakea si Ulaya. Kahawa tumeshachuma mara mbili. Ng'ombe amezaa ndama jike, mweusi, mkorofi tangu siku ya kwanza.

Uliniagiza nikuandikie safari yetu ya visiwani kule bwawa la Nyumba ya Mungu, mwanzo hadi mwisho, ili Jumamosi ukikaa na kamati ya mwalo uwe na maneno ya mtu aliyekuwepo. Ninajua kinachoamuliwa siku hiyo. Kamati ikikubali kuwa nahodha wako Godlove aliivunja boti yako kwa uzembe, hataendesha tena chombo chochote katika bwawa lile, na kazi nyingine hana. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunisubiri nimalize. Barua anakuletea mke wangu Zita, anayekuja huko gulioni.

Wageni walikuwa wawili, mume na mke kutoka Norwei, walimu wastaafu. Niliwapandisha mlimani siku sita, wakafika kileleni, wakashuka wazima, kisha wakasema wanataka siku mbili za majini kabla ya kurudi kwao. Nikawaambia kaka yangu ana boti. Swali lao la kwanza lilikuwa mahali pa kuifungia. Walisema kwao kila kisiwa kina maboya ya wageni, na yote yamechorwa kwenye ramani. Niliwajibu kwamba na sisi tunayo, matatu, yote yamewekwa na kaka yangu, na ramani yake ni Godlove.

Boya la kwanza tulilikuta salama, lile dumu lako la njano lililofungwa kwenye tairi lenye zege. Godlove alilidaka mara moja, akafunga, tukala samaki na ndizi huku wageni wakihesabu ndege. Hapo sina la kusema.

Kwenye kisiwa cha pili boya lilikuwa na mitumbwi miwili ya wavuvi. Nilimwambia Godlove awafukuze, kwa kuwa boya ni la kwetu. Alikataa. Alisema majini mtu hafukuzwi mahali alipotangulia kufika. Akazunguka upande wa pili usio na upepo, akapima kina kwa kamba yenye mafundo, akatia nanga, kisha akaachia kamba ndefu mno. Nilimuuliza kama ameamua kuianika. Akanieleza, taratibu kama kawaida yake, kwamba nanga haishiki kwa uzito, inashika kwa kulala chini, na kamba ikiwa fupi inainyanyua. Yule mama wa Norwei alitikisa kichwa kukubali. Mimi nami nikatikisa, kama mtu aliyechelewa misa anavyoitikia. Tulipiga mahema yetu pale kisiwani, na asubuhi boti tuliikuta palepale.

Siku ya pili tukaenda kisiwa cha tatu, kile chenye mawe meusi. Boya lilikuwepo, lakini Godlove aliivuta kamba yake akaiona imelika, zimebaki nyuzi chache. Alisema haiamini. Mjulishe fundi wako, kaka, maana siku moja itamponza mtu. Basi akatia nanga mbali kidogo na mawe, akaachia kamba ndefu kama jana, akawachukua wageni kwa mtumbwi mdogo kwenda kuona viota. Mimi nilibaki botini kupika.

Saa nane hivi upepo ukaanza kutoka upande wa Upare. Boti ikasogea, kwanza kidogo, kisha bila kusita, nanga ikiburuzika nyuma. Sijui kuwasha ile injini, hilo unalijua. Ilipogonga mawe niliruka, maji yakanifika kifuani, nikaisukuma kwa mikono na haikunisikia. Ubao wa chini ulipasuka, injini ikaingia maji. Wavuvi walikuja wakatubeba sote hadi ufukweni, pale mwaloni, na boti wakaivuta siku ya pili yake. Hakuna aliyeumia. Wageni walinishukuru kwa heshima sana, jambo lililonichoma kuliko kama wangenitukana.

Ulipopiga simu jioni ile nilikuwa nimesimama mwaloni na Godlove, na watu wametuzunguka. Simu yangu ni mbovu, bila spika haisikiki, kwa hiyo wote walikusikia. Uliuliza nani aliyeifunga boti. Nilikujibu, "Nahodha si Godlove?" Hukuuliza zaidi. Ulimfukuza kazi hapohapo, baada ya miaka minne, na yeye akanikabidhi ufunguo.

Kaka, sasa nisikilize, maana huwezi kunikatiza. Kamba ile niliifupisha mimi.

Godlove alipoondoka na wageni aliniambia jambo moja tu, nisiguse kamba. Lakini boti ilikuwa inazunguka, mara huku mara kule, na kila ikizunguka naiona inayakaribia mawe. Wewe umekulia kihambani, katikati ya migomba, kama mimi. Ng'ombe akifungwa kamba ndefu anaingia kwenye migomba ya jirani, na kesho yake mko kwa balozi wa nyumba kumi mnajieleza. Miaka thelathini nimefunga ng'ombe kwa kamba fupi. Nikaivuta hadi ikasimama wima, nikafunga fundo letu lile la ng'ombe, boti ikatulia, nami nikarudi kwenye sufuria nimeridhika. Godlove alipofika aliliona fundo. Alilifungua kabla mtu mwingine hajaliona, akaikunja kamba, akanitazama mara moja tu.

Nilikudanganya kwa sababu tangu utoto unasema Sirili hapewi kitu chenye injini, na sikutaka uwe umesema kweli. Sina sababu nyingine. Naona aibu, na usingizi wangu si mzuri.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Pasua nyumbani kwa Godlove na jani la sale, kuomba radhi kama baba alivyotufundisha. Nilimkuta anapakia matofali kwenye mkokoteni wa mtu. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakujitetea. Akasema, "Mlikuwa mnaongea ndugu wawili. Mimi ningeingilia wapi?" Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Hakunyoosha mkono wake. "Ulinisema mwaloni, watu wanasikia," akasema. "Hilo jani lilete hukohuko." Kisha akanikaribisha chai, nikanywa.

Kwa hiyo Jumamosi nitakuja. Nakuomba barua hii uisome mbele ya kamati yote, hata pale pa ng'ombe, wacheke wakitaka. Na utakaponiona nimesimama katikati ya watu na jani mkononi, kaka, usiniite pembeni.

Mama anawasalimu wote kwa majina, na anamwambia shemeji Violet akumbuke kumrudishia kitenge chake. Zita atakusimulia habari za shamba. Mungu awalinde hadi tutakapoonana mwaloni.

Mdogo wako, niliyeifunga boti,

Sirili