Nimeangushwa Bila Kugusa Usukani

Baba Twaiba,

Wali na mchuzi wa samaki viko jikoni, nimevifunika. Mchukue Twaiba madrasa saa kumi.

Leo asubuhi kule Ukunda mtahini alininyima hata ufunguo wa lori. Alinitazama juu hadi chini, akasema, "Mama, hii lori si sufuria." Wanaume wakacheka, naye akaniandikia nimeanguka! Miezi mitatu najifunza kurudisha trela nyuma, niangushwe bila kugusa usukani?

~~Naenda Gazi kwa mama, nikalie huko.~~

La! Nililalamika kwa mkubwa wake, na sasa hivi amenipigia simu: nirudi saa nane, atanitahini yeye mwenyewe. Nawe uliyecheka jana nilipokuambia naenda mtihani wa udereva, njoo ucheke mbele yake.

Mkeo,
Mama Twaiba