Mpini wa Koki

Jumanne, 11 Februari

Abashiri. Baridi inauma meno. Tumeegesha gari letu la kulala pwani, barafu inayoelea baharini bado iko mbali, mstari mweupe tu. Mama anaitazama na kutabasamu. Mdogo wangu Kiyotaka anatazama kipimo cha tangi la maji — sifuri!

Mama kamwaga maji tena. Kila tukisimama, hata mchana, anafungua koki ya chini, anaacha mabomba wazi, maji yasigande ndani na kuyapasua, ndipo anatulia. Ndivyo alivyofanya nyumbani Rikubetsu kila jioni ya baridi, maisha yake yote. Kwetu mtoto hujua kutoa maji kabla ya kujua kusoma.

“Mama, utatuua kwa kiu!”

“Heri kiu kuliko bomba kupasuka, mwanangu.”

Mdogo wangu huyu, mwenye gari, mkazi wa Nagoya kusiko na baridi hii, akanigeukia: “Umeona, dada? Ndiyo maana nasema nyumba ya wazee. Chumba kipo, wanataka jibu Alhamisi.”

Nimeona! Nimeona mtu aliyesahau alikozaliwa. Siku hizi mzee akitusumbua tu, tunamwita mgonjwa. Sikubali. Akili zake anazo zote.

Jumatano, 12 Februari

Kiyotaka kang'oa mpini wa koki, kautia mfukoni. Mfukoni! Kama anayemnyang'anya mtoto kisu. Mama alikwenda kupapasa, akakuta chuma kitupu. Aliketi na koti lake, mikono magotini.

Nikafoka. Akajitetea: eti hita inawaka, eti muuzaji alimhakikishia gari hili ni la nchi za baridi. Bomba linapita chini ya sakafu, nje, mjinga wewe! Joto la kitandani litalifikiaje?

“Dada, kila kitu kwako ni makala ya gazeti.”

Ndiyo! Na hii ningeiandika kwa wino mwekundu. Redio inasema usiku utashuka hadi ishirini na nne chini ya sifuri. Nimeuomba mpini. Kakataa.

Alhamisi, 13 Februari

Imepasuka! Pampu ya maji ina ufa ubavuni, bomba la chini limechanika kama soseji. Nilimwambia yote niliyoyaweka moyoni tangu juzi. Nani mwenye akili sasa? Nani wa kupelekwa nyumba ya wazee? Yeye amelala chali thelujini chini ya gari.

Mama akashuka, akainama, akamgusa mguu.

“Baba watoto, nilikwambia utoe maji. Wanao wakiamka watanawa nini?”

Baba tulimzika zamani.

“Mama,” nikasema, “huyo ni Kiyotaka.”

Alinitazama kwa adabu. “Asante, bibie. Wewe ni mwenyeji wa hapa?”

Bado nina hasira. Pampu ni ushahidi, haufutiki! Kuhusu maji alikuwa sahihi. Nimemwambia Kiyotaka mara mbili.

Wa nyumba ya wazee wameshapiga mara moja. Simu iko mezani kati yetu. Mama anakunja blanketi, anaimba kidogo.

“Pokea wewe, dada,” anasema Kiyotaka. “Wewe ndiye mwenye maneno.”

Inaita tena —